Hesabu ya Amana: Barua ya Wazi kwa Wadhamini wa Fedha za Afyuni za Ohio

Kwa Waheshimiwa Wajumbe wa Bodi ya OneOhio Recovery Foundation, na kwa Makamishna wa kaunti 88 za jimbo la Ohio.

Waheshimiwa,

Nawaandikia mimi mzaliwa wa Tanga niliyehamia Columbus hali nikiwa mtu mzima, nikalipa kodi hapa, nikazika hapa baadhi ya jamaa na majirani, na ambaye kwa miaka hii michache nimekuwa nikifuatia habari za fedha mlizokabidhiwa kama mtu afuatiaye mirathi ya marehemu aliyemjua. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba ndiyo lugha niwezayo kusemea jambo zito bila ya kujikwaa. Ya pili ni kwamba katika Columbus na Dayton ziko familia nyingi zilizotoka Kongo ambazo husema lugha hii, na ambazo zina haki katika fedha hizo ilhali hazijui kuwa zinayo. Wakalimani katika jimbo hili hawakosekani, na atakaye kuelewa hukosa mengi lakini hakosi njia.

Kwanza niseme fedha hizi zimetoka wapi, si kwa kuwa ninyi hamjui, bali kwa kuwa jambo likishageuzwa tarakimu katika bajeti asili yake husahauliwa upesi. Mwaka 1996 kampuni ya Purdue Pharma ya Connecticut ilileta sokoni kidonge kiitwacho OxyContin, kilichotengenezwa kwa dawa ya jamii ya afyuni, na mawakala wake wakatumwa kwa matabibu kuwahakikishia kuwa hatari ya mgonjwa kugeuka mtumwa wa kidonge hicho ni ndogo mno. Mwaka 2007 kampuni yenye nasaba nayo ikakiri mahakamani kuwa dawa hiyo ilitangazwa kwa udanganyifu, na mwaka 2020 Purdue yenyewe ikakiri makosa mengine ya jinai, na baina ya maungamo hayo mawili vidonge viliendelea kuuzwa. Wasambazaji wakubwa watatu, McKesson, AmerisourceBergen na Cardinal Health, ambayo makao yake makuu yapo Dublin, mwendo mfupi wa gari kutoka hapa niandikapo, walishitakiwa kwa kufumba macho huku shehena zikipita mikononi mwao. Katika kaunti ya Scioto, kule kusini ambako mji wa Portsmouth umekaa kando ya mto, mwaka 2010 vilitolewa vidonge vya jamii hiyo karibu milioni 10 kwa watu wasiofika 80,000. Gawanyeni wenyewe, mtaona kuwa hata mtoto aliyezaliwa jana aliwekewa fungu lake la vidonge zaidi ya mia. Sheria ya mwaka 2011 ilipozifunga zile zahanati zilizokuwa maduka ya vidonge, waliokwisha kunaswa wakageukia heroini, na nyuma ya heroini ikaja fentanili, na mwaka 2021 pekee watu zaidi ya 5,000 wa jimbo hili wakafa kwa kuzidisha dawa. Maafa yaliyoanzia katika miji midogo ya Weupe kando ya mto yamekwisha kuingia katika mitaa yetu pia, na katika miaka ya karibuni ni wanaume Weusi waliokufa kwa kiwango cha juu kupita watu wengine wote wa Ohio.

Mwaka huo huo wa 2021 wasambazaji hao watatu pamoja na Johnson & Johnson walipatana na majimbo ya Marekani kulipa dola bilioni 26, bila ya kukiri kosa, na katika fungu la wasambazaji Ohio iliandikiwa dola milioni 808, zilipwe kidogo kidogo kwa miaka 18. Maduka makubwa ya dawa yakafuata kwa mapatano yao. Ninyi mlikuwa mmekwisha kukubaliana tangu mwaka 2020 jinsi ya kugawana: asilimia 55 kwa taasisi yenu, asilimia 30 kwa kaunti, miji na vijiji, na asilimia 15 kwa jimbo. Huo ni mgao mzuri, na wala sina neno nao. Neno langu ni juu ya daftari.

Kwetu pwani mali ya namna hii ina jina. Mtu akiuawa bila ya kukusudiwa, aliyesababisha hulipa dia, na dia hiyo haiwi mali ya liwali aliyeisimamia wala ya kadhi aliyeamua shauri, bali ni ya warithi wa aliyekufa. Liwali aliyediriki kuimega ili atengeneze gati yake angesemwa barazani mpaka kaburini. Na mali inapowekwa kwa faida ya watu wengi kwa muda mrefu huitwa wakfu, na sharti la aliyeiweka ni sheria juu ya msimamizi wake: nyumba iliyowekwa wakfu kwa mafuta ya taa za msikiti, kodi yake hununua mafuta, wala haiwi karo ya mtoto wa msimamizi hata mtoto huyo awe na akili namna gani. Nimekulia katika mtaa ambao wakfu zake zililiwa nyumba moja baada ya nyingine, na nawaambia kwa ushahidi wa macho yangu kwamba hazikuliwa na majambazi. Zililiwa na watu waungwana, wenye kanzu safi na maneno laini, ambao kila mara walikuwa na sababu nzuri: mwaka huu paa la madrasa limevuja, mwaka ujao liko deni la dharura litarudishwa, na mwaka wa tatu hapana aliyekumbuka daftari liliwekwa wapi. Nyumba ya mwisho ilipouzwa, taa za msikiti zilikuwa zimekwisha kuwa za umeme unaolipiwa kwa mchango wa maskini.

Sasa nawaleteeni mama mmoja, mwenyeji wa Bukavu, ambaye simtaji jina. Mwanawe wa pekee alikuwa akifanya kazi ya usiku katika ghala moja la hapa mjini, akinyanyua makasha tangu jioni hadi alfajiri, mpaka mgongo ukamshinda. Mwenzake wa kazini akampa kidonge cha buluu, mfano wa kile kinachouzwa katika maduka ya dawa, kumbe ni fentanili iliyogandamizwa katika sura ya kidonge halali. Hakuwa teja kijana yule, wala sijui kama aliwahi kuvuta hata sigara. Mama alimkuta bafuni kabla ya mapambazuko, midomo imebadilika rangi, akakoroma mara mbili tatu, naye akamwagia maji na kumwita kwa jina la utotoni, kama ambavyo mama yeyote wa kwetu angefanya. Naloksoni, ile dawa ya kupulizwa puani ambayo humrudishia pumzi aliyezidiwa na afyuni, ilikuwa ikining'inia katika duka la dawa mtaa wa pili, na tena katika jimbo hili upo mpango wa kuigawa bure ulioanzia Portsmouth mwaka 2012. Lakini hapana aliyemwambia habari hiyo kwa lugha aliyoielewa. Siku ya tatu ya matanga, tumeketi sebuleni kwake, runinga ikataja mamilioni ya fedha za afyuni, naye akanigeukia akaniuliza kwa Kiswahili cha kwao, “Mzee, hii franga ni ya nani?” Nikamjibu, “Ni yako, mama.” Akaniuliza tena, “Basi iko kwa nani?” Hapo ndipo niliponyamaza, na barua hii nzima ni jaribio la kulijibu swali lile la pili.

Hati yenu ya mwaka 2020, ambayo ndiyo sharti la wakfu huu, ilisema kwa maneno yasiyo na kificho kwamba taasisi itafanya mambo yake kwa uwazi, mikutano yake iwe wazi, na nyaraka zake ziwe za umma kwa kadiri ile ile ambayo zingekuwa kama taasisi ni chombo cha serikali. Chama cha Harm Reduction Ohio kilipoomba nyaraka na kuzikosa, shauri likafika Mahakama ya Juu ya Ohio, nayo Mei 2023 ikaamua kuwa taasisi yenu, ingawa imesajiliwa kama shirika la watu binafsi, kwa kazi yake ni sawasawa na ofisi ya umma, na kwa hiyo sheria ya nyaraka za umma yawahusu. Wino wa hukumu haujakauka, Julai ya mwaka huo huo sheria ya bajeti ikapitishwa, na ndani yake, katikati ya maelfu ya vifungu vya mambo mengine, kikachomekwa kifungu cha kuwatoa ninyi katika sheria hiyo. Sisemi kuwa mlikiomba. Nasema kuwa mnakifaidi, na mwenye kufaidi kwa jambo asilolitenda bado ana hiari ya kulikataa. Sheria hiyo imewaondolea lazima. Haikuwakataza kufungua daftari, na hati ya mwaka 2020 ingali inawaamrisha mlifungue.

Mkataba wa taifa wa mwaka 2021 nao, kwa upande wa hesabu, ni dhaifu kuliko inavyodhaniwa. Unataka fedha zisizopungua asilimia 85 zitumike kutengeneza yale yaliyoharibiwa na dawa hizi, na una orodha ndefu ya matumizi yafaayo. Lakini unapofika kwenye kutoa taarifa, hulazimisha majimbo yataje tu zile ambazo hazikutumika kwa kazi hiyo, ambavyo ni sawa na kumwambia mlinzi wa ghala alete orodha ya magunia aliyoyachukua mwenyewe, na hayo mengine tumsadiki kuwa yapo. Palipo na sharti hafifu hivyo, matokeo hayakukawia. Katika mji wa Irvington wa New Jersey, mkaguzi wa hesabu wa jimbo alitoa taarifa kuwa zaidi ya dola 600,000 za afyuni zilitumika katika matamasha mawili ya muziki ya mwaka 2023 na 2024, na miongoni mwa ankara hizo ilikuwamo ya kukodi mashine za bisi. Kaunti ya Greene, Tennessee, ililipia deni la kaunti kwa fungu lake la zaidi ya dola milioni 2. Bisi zilichekesha nchi nzima, lakini mimi hilo la deni ndilo linitishalo zaidi, kwa sababu hapana wa kulicheka: deni ni jambo la heshima, mhasibu hulipenda, mwenye kodi hushukuru, na wala haijulikani ni kitanda gani cha mgonjwa kilichokosekana ili deni lile lilipwe.

Tena msinambie kuwa Tennessee na New Jersey ni mbali, maana Ohio yenyewe imekwisha kula amana ya namna hii, na waliokula bado wapo hai. Mwaka 1998 majimbo 46 yalipatana na makampuni ya tumbaku yalipwe dola bilioni 206 katika miaka 25 ya mwanzo, na Ohio ikaunda taasisi ya kuwasaidia watu waache sigara, ikaiwekea akiba. Mwaka 2007 jimbo likauza haki yake ya malipo yajayo kwa hati za dhamana zilizopita dola bilioni 5, likajengea shule na kuwapunguzia wazee kodi ya nyumba. Mambo mema, nani atakayeyakana? Mwaka uliofuata Bunge likaivunja taasisi ile na kuichukua akiba yake, zaidi ya dola milioni 200, kwa hoja ya kuleta ajira. Shauri likaenda mahakamani, na mwaka 2010 Mahakama ya Juu ikasema Bunge lilikuwa na uwezo huo. Hivyo fedha zilizotoka katika mapafu ya watu zikawa matofali na nafuu ya kodi, kwa njia ya halali kabisa, na mvutaji wa Portsmouth akabaki na kikohozi chake.

Najua mtakachonijibu, na jibu hilo lina uzito: kwamba ni kwa kuikumbuka tumbaku ndipo taasisi yenu ikaundwa nje ya serikali, ili mkono wa Bunge usiifikie. Rai hiyo ni sahihi, na walioibuni nawapa heko. Lakini ukuta uliojengwa kumzuia mwizi ukimzuia na mwenye mali, mwenye mali atajuaje kama mwizi hayumo ndani? Mlijitenga na Bunge ili fedha zisiliwe. Kisha Bunge lile lile likawaondolea macho ya raia, na mkakaa ndani ya ukuta huo na mlango umekomewa kwa nje na kwa ndani. Wajumbe 29, kumi na tisa wao wametoka katika mikoa yenu, ni watu wa kutosha kulinda hazina, na ni wachache mno kuwa mashahidi wake.

Neno moja juu ya magari ya polisi, kwa kuwa limezua ugomvi katika kaunti nyingi za nchi hii. Askari anayebeba naloksoni mkandani na kumfufua mtu njiani anastahili kununuliwa naloksoni kwa fedha hizi, na mimi ningekuwa wa kwanza kutia sahihi. Lakini gari la doria lingenunuliwa hata kama OxyContin isingalitengenezwa duniani, na kadhalika mtambo wa kumulika wafungwa, na mshahara ambao mwaka jana ulilipwa na kodi ya kawaida. Kupokea fedha mpya kwa mkono wa kulia na kupunguza za zamani kwa mkono wa kushoto, kisha kutangaza kuwa kaunti imetumia kiasi kadha katika matibabu, ni hiana hata kama kila tarakimu ni ya kweli.

Na mkitaka kujua kitu gani kinunuliwe kwanza, mniruhusu niwasafirishe mpaka Dar es Salaam. Mpwa wangu alikuwa mtu wa unga kwa miaka tisa. Aliiba redio ya mamake, kisha mabati, kisha akawa haibi tena kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyemruhusu kuingia ndani. Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa ya kuwatibu watumwa wa heroini, bila ya malipo, programu ya kwanza ya aina yake nchini, katika nchi ambayo bajeti yake nzima ya afya wakati ule ingewashangaza kwa udogo. Nilimsindikiza siku moja nilipokwenda kutembea. Kulikuwa na foleni, na dirisha, na nyuma ya dirisha muuguzi aliyemwita kila mmoja kwa jina. Akipimiwa dawa yake katika kikombe kidogo cha plastiki, ainywe pale pale, kisha aseme neno, almuradi ijulikane kuwa amemeza. Mpwa wangu alisema, “Ahsante, dada,” akageuka akaniambia kuwa arosto, yaani ile adhabu ya mwili udaio unga, hajaionja kwa miezi minne. Akaenda kila siku, Idi na masika. Leo ni fundi wa magari, ana vidole vyeusi kwa oili na mlango wa mamake uko wazi kwake. Ikiwa dirisha lile liliwezekana Muhimbili, basi haliwezi kukosekana katika jela ya kaunti yoyote ya Ohio, ambako mfungwa aliyenyimwa dawa yake hutoka na mwili uliosahau kipimo cha zamani, na wiki zake za mwanzo uraiani ndizo zilizo karibu mno na kaburi.

Tena hazina hii si bahari. Hukumu ya dola milioni 650 ambayo kaunti za Lake na Trumbull zilipewa juu ya maduka makubwa ya dawa ilikosa msingi wake Desemba 2024, Mahakama ya Juu ya Ohio iliposema kuwa sheria ya jimbo haikubali madai ya namna ile. Basi atakayetazamia mlango mwingine wa fedha ufunguke ajihadhari.

Ombi langu, waheshimiwa, ni hili. Liwepo daftari moja kwa jimbo zima, la taasisi, la kaunti na miji, na la ile asilimia 15 ya jimbo pamoja, ambamo kila malipo yameandikwa: nani kalipwa, kiasi gani, kwa kazi gani, na kazi hiyo ililipiwa na nani mwaka uliotangulia. Hilo swali la mwisho msilifute, maana ndilo litakalotofautisha tiba na deni. Katika kila mmoja wa mikoa yenu 19, aketi mtu aliyewahi kuwa mtumwa wa dawa hizi na mtu aliyezika, wapige kura, wasiwe wa kualikwa kutoa ushuhuda wa machozi kisha wakaombwa wasubiri nje. Na matangazo ya naloksoni, pamoja na fomu za kuombea fedha, yaandikwe kwa lugha zinazosemwa katika majumba ambamo maiti hutolewa, Kiswahili kikiwamo. Wa kuyatafsiri bila ya ujira nipo.

Malipo ya mwisho ya wasambazaji yatafika mwaka 2038. Nawaombeni daftari hilo lifunguliwe kabla ya malipo ya mwaka huu kugawanywa, na nakala moja iliyopigwa chapa iwekwe katika kila maktaba ya umma, mezani, mahali ambapo mama asiye na kompyuta aweza kuifunua na kuuliza.

Wasalaam,

Mkazi wa Columbus, mzaliwa wa Tanga.